Haki za Kisheria za Wakazi wa Makao ya Uuguzi wa Wazee Nchini Marekani Wanapodhulumiwa au Kutelekezwa

Tarehe 8 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu katika shauri linalofahamika kwa jina la Talevski, lililofunguliwa na familia ya mzee mmoja wa jimbo la Indiana. Mzee huyo, aliyekuwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu, alipelekwa katika makao ya uuguzi mwaka 2016 akiwa bado anatembea, anazungumza na kula mwenyewe. Kwa mujibu wa madai ya familia, haukupita muda mrefu akawa hawezi tena kujilisha, na Kiingereza kikamtoka, akabaki na Kimasedonia, lugha aliyozaliwa nayo. Familia iliambiwa kuwa ndivyo maradhi hayo yanavyokwenda. Baadaye ilibainika kwamba alikuwa akipewa dawa sita kali za kubadili hali ya akili. Daktari wa nje alipoagiza dawa hizo zipunguzwe, mzee alirudi kujilisha mwenyewe.

Kwa kura 7 dhidi ya 2, Mahakama ilikubaliana na hoja ya familia. Hukumu iliyoandikwa na Jaji Ketanji Brown Jackson ilieleza kuwa haki ya mkazi ya kutodhibitiwa kwa dawa zisizo za lazima, pamoja na haki ya kutohamishwa bila kufuata taratibu, ni haki zake binafsi, na kwamba anaweza kuzidai mahakamani kwa kutumia sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1871. Mzee mwenyewe hakuishi kuisikia hukumu hiyo. Alifariki mwaka 2021.

Hukumu hiyo ina mpaka wake, na wengi wanaoisifu huusahau. Sheria ya mwaka 1871 huwagusa wale tu wanaotenda kwa mamlaka ya serikali, na makao yaliyoshtakiwa yalikuwa mali ya chombo cha umma cha kaunti. Sehemu kubwa ya makao ya uuguzi nchini Marekani ni ya watu binafsi na kampuni, na takribani asilimia 70 huendeshwa kwa faida. Kwa mkazi wa makao ya aina hiyo, njia iliyofunguliwa na shauri la Talevski haipo. Zipo njia nyingine, kila moja ikiwa na ofisi yake, muda wake na kikomo cha uwezo wake, na familia nyingi hushindwa kupata nafuu kwa sababu ya kubisha katika ofisi moja na kuisubiri ifanye kazi ya ofisi nyingine.

Suala hili linawagusa pia wasemaji wa Kiswahili. Wahamiaji kutoka Afrika Mashariki, pamoja na wakimbizi kutoka Kongo, wameajiriwa katika kazi ya ulezi wa wazee kwenye majimbo mbalimbali ya nchi hiyo, na baadhi ya familia hizo sasa zina wazee wao wenyewe wanaohitaji kulelewa humo.

Msingi wa haki hizi

Sheria mama ni ile ya marekebisho ya makao ya uuguzi, iliyopitishwa na Bunge la Marekani ikiwa sehemu ya sheria ya bajeti na kutiwa saini na Rais Ronald Reagan mwezi Desemba 1987. Mwaka mmoja kabla yake, Taasisi ya Tiba ilikuwa imetoa ripoti iliyoonyesha kwamba huduma katika makao mengi ilikuwa duni kwa kiwango cha kutisha, na kwamba ukaguzi wa wakati huo ulitazama zaidi majengo na makaratasi kuliko hali ya mtu aliyelala kitandani. Sheria ya mwaka 1987 iligeuza mtazamo huo. Iliyataka makao yampe kila mkazi huduma ya kumfikisha, au kumbakiza, katika kiwango cha juu kabisa kinachowezekana cha afya yake ya mwili, ya akili na ya maisha ya kijamii. Kwa kipimo hicho, mzee aliyeingia akitembea na baada ya miezi mitatu hatembei tena ni swali ambalo makao yanapaswa kulijibu.

Nguvu ya sheria hiyo inatokana na fedha. Makao yoyote yanayopokea malipo ya Medicare, yaani bima ya afya ya serikali kuu ambayo hasa ni ya watu wenye umri wa miaka 65 na kuendelea, au ya Medicaid, mpango wa serikali kuu na majimbo kwa watu wenye kipato kidogo, hubanwa nayo. Makao hayo ni takribani 15,000 na yana wakazi zaidi ya milioni 1. Ulinzi huo ni wa wakazi wote waliomo, akiwamo anayelipa kwa fedha zake mwenyewe.

Hapa pana tahadhari moja. Marekani ina pia makao ya usaidizi, ambako wazee huishi katika vyumba vyao na kusaidiwa kuoga, kuvaa au kumeza dawa bila uuguzi wa saa zote. Makao ya aina hiyo hayamo katika sheria ya mwaka 1987. Husimamiwa na sheria za majimbo, na sheria hizo hazifanani. Kwa mtazamo wa nje majengo ya aina hizi mbili huweza kufanana kabisa. Kabla ya kutuma barua yoyote ya malalamiko, familia yafaa iulize leseni ya makao ni ya aina gani.

Maana ya dhuluma na maana ya kutelekezwa

Kanuni za serikali kuu hutafsiri dhuluma kuwa ni kumjeruhi mkazi, kumfungia pasipo sababu ya haki, kumtisha au kumwadhibu kwa makusudi, na kumsababishia madhara ya mwili, maumivu au mateso ya nafsi. Neno makusudi lina maana mahsusi: mtendaji alitenda tendo lenyewe kwa kukusudia, hata kama hakukusudia kudhuru. Mlezi aliyemvuta mzee mkono kwa nguvu hawezi kujitetea kwa kusema alikuwa akimwahisha chakula. Dhuluma ya kingono, ya maneno na ya kisaikolojia imo katika tafsiri hiyo, na pia ile inayofanywa kwa njia ya teknolojia, kama vile kumpiga mkazi picha za kumdhalilisha na kuzisambaza kwa simu.

Kutelekezwa ni makao kushindwa kumpa mkazi vitu na huduma anazohitaji ili aepukane na madhara, maumivu au msongo. Hapa mara nyingi hakuna mtu mmoja wa kunyooshewa kidole. Kuna kengele isiyoitikiwa, nguo zilizolowa tangu alfajiri, sinia ya chakula inayoondolewa ikiwa imejaa na uzito unaopungua wiki hadi wiki. Vidonda vinavyotokana na kulala upande mmoja bila kugeuzwa vina kanuni yake: mkazi aliyeingia bila vidonda hapaswi kuvipata, ila pale hali yake ya kiafya inapoonyesha kuwa havikuepukika. Maneno "ndivyo uzee ulivyo" yamefunika mengi katika nyumba hizi, na kanuni hiyo ndiyo jibu lake.

Aidha, ni marufuku kumfunga mkazi kwa mikanda, au kumlegeza kwa dawa, kwa ajili ya kumwadhibu au kuwarahisishia wafanyakazi kazi. Kizuizi hutumika tu kutibu dalili ya kiafya. Dawa za kubadili hali ya akili zinazoandikwa zitolewe kila itakapohitajika huwa na ukomo wa siku 14, na haziongezwi bila daktari kueleza sababu kwenye jalada la mgonjwa. Kwa zile zinazotumika kutibu magonjwa makali ya akili, ni lazima kwanza amtazame mgonjwa tena. Mkazi, au mwakilishi wake wa kisheria, ana haki ya kuelezwa mapema juu ya tiba, hatari zake na mbadala wake, na ana haki ya kukataa.

Wizi wa mali ya mkazi nao umo katika makosa haya. Makao hayawezi kumlazimisha mkazi kuwakabidhi fedha zake. Akizikabidhi kwa hiari, zikizidi dola 100, au dola 50 kwa anayelipiwa na Medicaid, ni lazima ziwekwe katika akaunti yenye riba isiyochanganywa na fedha za makao, na hesabu yake itolewe kila baada ya miezi mitatu.

Saa zinavyohesabiwa

Chukulia mkazi amekutwa asubuhi na mchubuko mkubwa mkononi, na hakuna anayeweza kueleza ulikotoka. Jeraha lisilojulikana chanzo chake huhesabiwa pamoja na mambo ambayo makao hulazimika kuyaripoti. Ikiwa tukio linahusu dhuluma, au limesababisha jeraha kubwa, makao yana muda usiozidi saa 2 kulifikisha kwa mkuu wa makao na kwa idara ya jimbo inayokagua makao hayo. Ikiwa si dhuluma na hakuna jeraha kubwa, muda ni saa 24. Uchunguzi wa ndani huanza mara moja, mkazi hulindwa asipate madhara zaidi wakati unaendelea, na matokeo hupelekwa kwa idara ya jimbo ndani ya siku 5 za kazi.

Sambamba na hayo ipo saa ya pili, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2010 ya haki kwa wazee. Hii humbana mmiliki, meneja, mfanyakazi na hata mkandarasi, kila mmoja kwa nafsi yake. Anayeshuku kuwa uhalifu umetendwa dhidi ya mkazi hulazimika kutoa taarifa polisi na kwa idara ya jimbo: ndani ya saa 2 kama kuna jeraha kubwa la mwili, ndani ya saa 24 kama hakuna. Adhabu ya fedha kwa anayenyamaza iliwekwa hadi dola 200,000, na hadi dola 300,000 ikiwa ukimya wake ulizidisha madhara. Kumwambia msimamizi wa zamu na kurudi kazini hakutoshi. Muuguzi msaidizi anayedhani kuwa amemaliza wajibu wake kwa kumnong'oneza mkubwa wake yumo hatarini kisheria, na wafanyakazi wageni, wenye hofu ya kupoteza kazi au kibali, ndio wanaohitaji zaidi kulijua hilo. Sheria hiyohiyo inakataza mwajiri kumfukuza, kumshusha cheo au kumtisha mtu kwa sababu ametoa taarifa.

Familia nayo ina kazi ya kufanya katika saa hizo. Picha yenye tarehe, majina ya waliokuwa zamu na maandishi mafupi ya maneno yaliyosemwa huwa na uzito mkubwa kuliko kumbukumbu ya mwezi mmoja baadaye. Mkazi au mwakilishi wake akiomba kuona jalada la matibabu, makao hutakiwa kumruhusu ndani ya saa 24, bila kuhesabu siku za mapumziko, na akiomba nakala hupewa ndani ya siku 2 za kazi kwa gharama ya kawaida ya kunakili. Ombi hilo ni bora liwe la maandishi, lifanywe mapema, kabla ya ugomvi kukua.

Ofisi na uwezo wake

Ndani ya makao yenyewe yupo afisa wa malalamiko, ambaye kanuni inamtaka apokee lalamiko la mdomo au la maandishi, hata lisilo na jina, na mlalamikaji ana haki ya kupata uamuzi ulioandikwa. Upo pia mkutano wa mpango wa huduma. Kila mkazi hufanyiwa tathmini kamili ndani ya siku 14 tangu kuingia, na mpango wa huduma hukamilishwa siku 7 baada ya tathmini hiyo. Mkazi na mwakilishi wake wana haki ya kushiriki na kuomba mkutano mwingine hali inapobadilika. Jambo lililoandikwa kwenye mpango, mathalani kumgeuza mzee kila baada ya saa 2, huwa ahadi inayoweza kukaguliwa. Lisiloandikwa hubaki mazungumzo ya ukumbini.

Nje ya makao, wa kwanza ni mtetezi wa wakazi, ambaye Wamarekani humwita ombudsmani. Kazi hii ilianza kwa majaribio mwaka 1972, na tangu marekebisho ya mwaka 1978 ya sheria ya Wamarekani wazee kila jimbo linatakiwa kuwa na mpango wake. Mtetezi huingia makaoni, huzungumza na mkazi faraghani, hufuatilia lalamiko na kumsimamia mkazi katika mabishano na uongozi. Huduma yake haina malipo, na hatoi jina la mlalamikaji bila idhini. Kikomo chake ni kwamba hana mamlaka ya kutoza faini wala kufunga makao. Anafaa sana kwa mambo ya kila siku: kuoga, chakula, wageni kuzuiwa, mizozo ya kuhamishwa. Namba 1-800-677-1116 ya huduma ya serikali ya kutafuta msaada wa wazee humwelekeza mpigaji kwa mtetezi wa eneo lake.

Wa pili ni idara ya ukaguzi ya jimbo, kwa kawaida iliyo chini ya wizara ya afya ya jimbo husika. Hii ndiyo yenye meno. Wakaguzi wake hufika bila taarifa, angalau mara moja katika kila miezi 15, na hufika pia kutokana na malalamiko. Mtu yeyote anaweza kulalamika, si lazima awe ndugu. Kasoro zinazogunduliwa hupangwa kwa herufi, kuanzia A hadi L, na zile za J, K na L humaanisha kuwa uhai au usalama wa wakazi umo hatarini wakati huohuo. Adhabu ni pamoja na faini ya kila siku, kuzuiwa malipo ya wakazi wapya na, mwisho kabisa, kuondolewa katika Medicare na Medicaid. Ripoti za ukaguzi ni za wazi: makao hutakiwa kuziweka mahali ambapo mkazi na mgeni wanaweza kuzisoma bila kuomba, na serikali kuu huzichapisha katika tovuti yake ya kulinganisha makao, ambako tangu mwaka 2019 makao yaliyopatikana na hatia ya dhuluma huwekewa alama ya mkono katika duara jekundu. Hata hivyo, idara hii humwadhibu mwendeshaji. Haimlipi mkazi fidia. Barua ya kusema kwamba lalamiko limethibitishwa ni ushahidi mzuri, lakini haina hundi ndani yake.

Kipigo, ubakaji na wizi ni uhalifu, na pa kwenda ni polisi kwa namba 911, bila kusubiri uchunguzi wa makao. Majimbo yana pia vikosi vya kuchunguza udanganyifu katika Medicaid, vingi vikiwa chini ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo, na pamoja na jina lake la mambo ya fedha, kikosi hicho huchunguza na kushtaki dhuluma na utelekezaji makaoni.

Karatasi za siku ya kuingia

Haki nyingi hupotea mezani, siku ambayo familia imechoka na hospitali inataka kitanda chake. Mara nyingi mtoto wa mkazi huletewa karatasi na kuambiwa atie saini akiwa "mhusika". Sheria inakataza makao kudai mtu wa tatu adhamini malipo kwa fedha zake ili mzee apokewe. Mtoto anaweza kusaini akiwa msimamizi wa fedha za mzazi, kwa ahadi ya kulipa kutoka katika fedha hizohizo za mzazi, na ni busara aandike maneno hayo pembeni ya saini yake.

Karatasi ya pili ni mkataba wa usuluhishi, ambao humwondolea mkazi haki ya kwenda mbele ya mahakama na baraza la wazee wa mahakama, na kupeleka mgogoro kwa msuluhishi wa binafsi. Kwa kanuni ya mwaka 2019, makao yanayopokea fedha za serikali hayaruhusiwi kuufanya mkataba huo kuwa sharti la kupokewa wala la kuendelea kukaa. Ni lazima uelezwe kwa namna na lugha ambayo mkazi anaielewa, na aliyesaini ana siku 30 za kuufuta. Mkataba wenyewe hauwezi kumzuia mkazi kuzungumza na wakaguzi au na mtetezi. Wengi husaini bila kusoma, na mara nyingi huugundua pale tu wakili anapouliza kama upo.

Juu ya lugha, mkazi ana haki ya kuelezwa haki zake na hali ya afya yake kwa lugha anayoielewa. Watoa huduma wanaopokea fedha za serikali kuu hutakiwa kumpatia mkalimani bila malipo, na hawapaswi kumtegemea mtoto mdogo wa familia kutafsiri, isipokuwa katika dharura. Kwa mzee wa Bukavu au Mombasa ambaye Kiingereza chake kimepotea pamoja na kumbukumbu, haki hiyo inahusu maisha yake moja kwa moja, kwa kuwa maumivu yasiyoelezeka huonekana kwa wauguzi kuwa ni ukorofi, na ukorofi hutibiwa kwa dawa za kutuliza.

Kulipizwa kisasi na kufukuzwa

Hofu kubwa ya familia ni kwamba mzee ataadhibiwa kwa malalamiko yao, kwa kuwa wao huondoka jioni na yeye hubaki. Kanuni inakataza kisasi cha aina yoyote. Njia inayotumika zaidi kulipiza ni kumwondoa mkazi, na hapo sheria imeweka sababu 6 tu: mahitaji yake kutowezekana kutimizwa hapo, afya yake kuimarika kiasi kwamba haihitaji tena huduma hiyo, kuhatarisha usalama wa wengine, kuhatarisha afya ya wengine, kutolipa baada ya kutakiwa ipasavyo, au makao kufungwa. Familia kuwa "wasumbufu" haimo. Notisi hutolewa kwa maandishi siku 30 kabla, kwa lugha inayoeleweka, ikitaja sababu, mahali anakopelekwa na jinsi ya kukata rufaa, na nakala yake hupelekwa kwa mtetezi wa wakazi. Rufaa ikikatwa kwa wakati, kwa kawaida mkazi haondolewi hadi isikilizwe, labda kubaki kwake kuwe hatari kwa afya au usalama.

Ujanja uliozoeleka ni kumpeleka mkazi hospitalini kwa jambo dogo, kisha kukataa kumpokea anaporudi. Huko nako ni kufukuza, na huhesabiwa hivyo. Mkazi wa Medicaid ambaye muda wa kuhifadhiwa kitanda umepita ana haki ya kurudi katika chumba chake kikiwa wazi, au kitanda cha kwanza kitakachopatikana katika chumba cha pamoja.

Upande wa mlezi

Dhuluma nyingi za kutelekezwa zina chanzo kimoja: watu ni wachache zamu. Sheria ya mwaka 1987 inadai muuguzi aliyesajiliwa kwa saa 8 mfululizo kila siku, na uuguzi wenye leseni saa 24, lakini haikuweka idadi ya walezi kwa kila mkazi. Serikali kuu ilijaribu kuiweka mwaka 2024, kwa kanuni ya saa 3.48 za uuguzi kwa mkazi kwa siku. Mahakama ya serikali kuu jijini Amarillo, Texas, ikaitangua mwezi Aprili 2025. Baadhi ya majimbo yana viwango vyake.

Muuguzi msaidizi hupata kazi hiyo kwa mafunzo yasiyopungua saa 75 na mtihani. Jina lake huwekwa katika daftari la jimbo, na akithibitika kudhulumu, kutelekeza au kuiba, kosa huandikwa humo na makao hayaruhusiwi kumwajiri. Kwa sababu uzito wa adhabu hiyo ni wa maisha yake yote ya kazi, sheria humpa haki ya kuarifiwa na kusikilizwa kabla kosa halijaandikwa. Mlezi anayeletewa notisi ya namna hiyo hapaswi kuiacha mezani. Muda wa kuomba kusikilizwa ukipita, kosa huandikwa bila yeye kusema neno.

Mahakamani

Fidia hupatikana mahakamani, na kwa makao ya binafsi msingi wake ni sheria za majimbo. Baadhi ya majimbo yamewapa wakazi silaha za ziada. Illinois ina sheria mahsusi ya makao ya uuguzi inayomruhusu mkazi kushtaki na kulipwa gharama za wakili. New York humpa mkazi haki ya kudai fidia kwa kunyimwa haki yoyote iliyowekwa na sheria. California, kwa sheria yake ya kuwalinda wazee, huongeza malipo ya wakili pale inapothibitika kwamba utelekezaji ulikuwa wa kutojali kupita kiasi. Ushahidi wa kamera nao umeanza kukubalika: Texas ilitunga sheria mwaka 2001 ya kuruhusu familia kuweka kamera chumbani, na Illinois na Minnesota ni miongoni mwa majimbo yaliyofuata, kwa masharti ya idhini ya mkazi na ya anayeshiriki naye chumba.

Mkazi ambaye hawezi tena kuamua huwakilishwa na mtu aliyemteua kwa hati akiwa na akili timamu, au na mlezi aliyewekwa na mahakama. Pasipo hati hiyo, hata mtoto wa kumzaa huweza kunyimwa jalada. Mkazi akifariki, madai hayafi naye katika majimbo mengi. Huendelezwa na msimamizi wa mirathi. Muda wa kufungua shauri hutofautiana kwa jimbo na kwa aina ya dai. Indiana na Texas huweka miaka 2 kwa madai ya uzembe wa kitabibu, na muda huo huendelea kuhesabiwa wakati familia ingali inasubiri jibu la idara ya ukaguzi.